Nani Amesema Kijiji Hakina Historia?

Yapo maneno ambayo mtu huyasikia mara nyingi mpaka yanageuka kuwa kama kweli. Mojawapo ni swali hili: "Kijiji kile nacho kina historia gani?" Nimelisikia kwa viongozi, nimelisikia kwa walimu wenzangu, na siku hizi nalisikia hata kwa vijana waliozaliwa katika vijiji hivyo hivyo wanavyovidharau. Kwao historia ni mambo ya mjini. Historia ni sanamu, ni jengo la makumbusho, ni mgeni rasmi akiweka shada la maua huku bendi ikipiga. Kijijini kuna mahindi, kuna kuku, na kuna wazee wanaokohoa vibarazani. Basi, habari imekwisha.

Mimi nasema la hasha. Nimefundisha kwa zaidi ya miaka thelathini katika shule za msingi za mkoa huu wa Ruvuma, nyingi zikiwa mahali ambapo gari halifiki wakati wa masika, na sasa nimestaafu, sina cheo cha kuogopa kukipoteza. Kwa hiyo nitasema wazi: kijiji kisicho na historia hakipo. Kilichopo ni kijiji ambacho historia yake haijaandikwa, na kutoandikwa huko si bahati mbaya. Kuna watu ambao kwao ni heri isiandikwe, na kuna wengi zaidi ambao ni wavivu tu.

Nisieleweke kwamba naubeza mji wetu wa Songea. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga hapa makumi ya viongozi na wapiganaji wa vita vya Majimaji. Nkosi Mputa Gama alikuwa miongoni mwa waliouawa, na Nduna Songea Mbano, ambaye mji umechukua jina lake, naye alinyongwa katika kipindi hicho hicho. Alikuwamo mwanamke mmoja, Mkomanile. Kila mwaka tarehe hiyo tunakusanyika penye kaburi lao la pamoja, na ni haki yao. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika papo hapo, akakutana na ukoo wa Mbano, akaomba radhi kwa yale waliyotenda wazee wake. Hilo nalo ni jambo kubwa.

Lakini, ndugu msomaji, hebu tufikiri pamoja. Vita vile havikupiganwa mjini, kwa sababu mji wenyewe ulikuwa boma tu. Vilipiganwa vijijini. Baada ya mapigano, Wajerumani walichoma nyumba na vihenge vya nafaka kwa makusudi, ili njaa imalize kazi ambayo bunduki ilikuwa haijaimaliza. Wanahistoria wanakadiria kwamba waliokufa kusini mwa nchi hii walikuwa kati ya 75,000 na 300,000, na njaa na maradhi viliua wengi kuliko risasi. Watu hao hawakufa hewani. Walifia katika vijiji vyenye majina, kando ya mito yenye majina, chini ya miti ambayo mingine pengine bado imesimama. Waliokufa kwa kitanzi tunawajua. Waliokufa kwa njaa, pamoja na vijiji vyao, tunawataja kwa tarakimu moja ya jumla, kana kwamba walikuwa magunia. Je, hiyo ndiyo historia ya Majimaji iliyokamilika?

Kuna mtu atasema kwamba vijiji vya Kiafrika haviwezi kuwa na historia kwa sababu hatukuwa na maandishi. Hoja hiyo ni nyepesi. Tazama Peramiho, mwendo mfupi tu kutoka Songea. Mwaka 1898 Padre Cassian Spiss wa Shirika la Mtakatifu Benedikto alianzisha misheni pale. Mwaka 1905, akiwa tayari ni askofu, aliuawa njiani alipokuwa akitoka pwani, na misheni yenyewe ikachomwa moto. Ikajengwa tena. Mwaka 1931 ikawa abasia. Kwa nini tunayajua hayo mwaka kwa mwaka? Je, ni kwa sababu ardhi ya Peramiho ni bora kuliko ya kijiji cha jirani? Sivyo. Ni kwa sababu watawa waliandika daftari la matukio: nani kafika, nani kafa, mvua imeanza lini, nzige wameshuka lini. Tena mmoja wao, Padre Elzear Ebner, aliwasikiliza wazee wetu akaandika historia ya Wangoni, ikachapwa hapo hapo Peramiho mwaka 1987. Kalamu na daftari tu, wala si muujiza. Kijiji cha pili yake, ambacho kilikuwa na watu kabla padre yeyote hajafika, hakina hata ukurasa mmoja.

Nenda mbali zaidi. Huko Uingereza, tangu mwaka 1538, kila parokia iliamriwa kuweka kitabu cha ubatizo, ndoa na maziko. Kwa sababu hiyo, kijiji kidogo cha wakulima wa ngano na wafuga kondoo, chenye kanisa moja, kilabu kimoja na daraja moja, kinaweza kukueleza nani alioa nani miaka mia nne iliyopita. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, vijiji vingi sana vya huko vilisimamisha jiwe au msalaba wenye majina ya vijana wao waliokufa. Majina yote, mtoto wa tajiri na mtoto wa mchunga ng'ombe.

Vita hiyo hiyo ilipita hapa kwetu. Waingereza waliiteka Songea mwaka 1916, na mwaka 1918 jeshi la von Lettow-Vorbeck lilivuka tena mto Ruvuma likitoka Msumbiji, likapita jirani na hapa likielekea magharibi. Majeshi ya pande zote mbili yalikula chakula cha wanakijiji na kuwabebesha mizigo wanaume wao. Wapagazi hao walikufa kwa maelfu, kwa kuhara, kwa baridi na kwa uchovu. Nionyesheni kijiji kimoja cha Ungoni chenye jiwe la majina yao. Sisemi hivi kwa kuwaonea wivu Waingereza. Nasema ili mtu asinidanganye kwamba kijiji kidogo hakistahili. Vya kwao ni vidogo kuliko vyetu.

Na hata hapa kwetu tumeshaona kwamba kazi hii inawezekana. Mwaka 1968 wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walitumwa katika wilaya zao za nyumbani, waketi na wazee, waandike habari za Majimaji kutoka vinywani mwa walioiona. Wawili kati yao, Mapunda na Mpangara, walifanya kazi hiyo Ungoni, na mwaka 1969 kitabu chao kikatoka. Piga hesabu: kutoka 1905 hadi 1968 ni miaka 63. Wazee wale walikuwa ukingoni. Wangechelewa miaka kumi tu, wangekuta makaburi.

Sasa fanya hesabu hiyo hiyo kwa Litowa.

Najua wasomaji wengi wadogo hawajapata kulisikia jina hili, ingawa baadhi yao wanaishi karibu nalo. Litowa ni kijiji cha hapa Songea vijijini. Mwishoni mwa mwaka 1960, kabla hata bendera ya mkoloni haijashushwa, kikundi kidogo cha vijana wa Umoja wa Vijana wa TANU, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, kiliingia porini kuanzisha kijiji cha kulima kwa pamoja. Mara ya kwanza walishindwa kwa kukosa chakula. Mwaka 1961 wakarudi tena. Walifyeka, wakalima, wakajenga. Wakagawana walichovuna kwa kadiri ya kazi na mahitaji. Vijiji vingine vikawafuata, wakaunda chama cha maendeleo cha Ruvuma ambacho wengi walikiita kwa herufi zake tatu, RDA. Kufikia mwaka 1969 vijiji vya chama hicho vilikuwa 17. Walikuwa na kiwanda cha kupasua mbao na mashine ya kusaga nafaka, vyote mali yao.

Halafu walikuwa na shule. Hapo ndipo mimi kama mwalimu huvua kofia. Watoto kutoka vijiji vingine vya chama walikuja kuishi na kusoma Litowa, nao walilima, walifuga, na walijifunza hesabu kwa kupima mashamba yao wenyewe. Mwalimu mkuu wao, Suleman Toroka, aliandika habari za shule hiyo katika jarida la Mbioni la Chuo cha Kivukoni. Machi 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, na Septemba mwaka huo alipotoa Ujamaa Vijijini, taifa zima lilisoma kama habari ya kesho. Kwa watu wa Litowa ilikuwa habari ya jana. Walikuwa wameshaanza kuitenda miaka sita iliyotangulia, tena bila kuagizwa na mtu.

Na nini kikatokea? Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliamua kukivunja chama hicho. Mali zikachukuliwa, mbao na mashine vikaenda, walimu wa Litowa wakahamishiwa kwingine, wageni waliokuwa wakiwasaidia wakaambiwa waondoke. Mimi wakati huo nilikuwa kijana wa chuo cha ualimu, na nakumbuka jinsi habari ile ilivyosemwa kwa sauti ya chini, kama habari ya mtu aliyekufa kwa ugonjwa wa aibu. Chama kilichohubiri kujitegemea kiliwavunja watu waliojitegemea. Nalisema hivyo lilivyo, kwani ndivyo lilivyokuwa.

Nawapa haki yao pia waliokuwa na mawazo mengine. Walikuwapo walioona kwamba RDA imekuwa dola ndani ya dola, kwamba inapokea misaada kutoka ng'ambo, na kwamba si kila kijiji chake kilistawi kama Litowa. Huenda katika hayo yamo ya kweli. Lakini hoja hizo nazo zimo wapi? Haziko katika kitabu chochote cha shule zetu. Mtoto wa Songea anamaliza darasa la saba akiwa anajua Azimio la Arusha lilipitishwa lini, lakini hajui kwamba mkoani kwake kulikuwa na wakulima waliolitangulia. Mmoja wa wageni walioishi Litowa, Ralph Ibbott, Mwingereza aliyekaa pale pamoja na mkewe na watoto wao, aliandika kitabu kirefu kuhusu vijiji hivyo. Kilitoka mwaka 2014, kwa Kiingereza. Simlaumu, namshukuru. Lakini je, inaingia akilini kwamba anayetaka kujua habari za kijiji cha Songea alazimike kwanza kujua Kiingereza, kisha aagize kitabu kutoka Ulaya, huku mzee aliyeng'oa visiki vile anaota jua nyumba ya tatu kutoka shuleni?

Vijana waliokwenda Litowa mwaka 1961 walikuwa na miaka ishirini na kitu. Ile miaka 63 imeshapita. Hesabu imetimia.

Hapa ndipo ninapokutana na watu wa methali. Wa kwanza husema, "Mla ni mla leo, mla jana kala nini?" Kiongozi mmoja wa ngazi fulani, ambaye sitamtaja, alinijibu hivyo mbele ya mkutano nilipoomba kijiji kiweke kibao mahali palipokuwa na shule ya kwanza. Alisema wananchi wanataka mbolea, si vibao. Watu wakacheka. Nami namjibu leo kwa maandishi: bwana mkubwa, mkulima gani asiyeuliza habari za jana? Kabla hajapanda, anauliza shamba hili lilimwa nini mwaka juzi, maji yalituama wapi, mbegu hii ilizaa kwa nani. Mkulima asiyetaka kujua ya jana atarudia kupanda penye mchwa kila mwaka, na mbolea yako itamfaa nini? Kibao kile kingegharimu ubao mmoja na kopo la rangi. Wala hakuna aliyeomba kichukuliwe kutoka fungu la mbolea.

Wa pili ni wapole zaidi. Hao husema, "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Wanaogopa kwamba tukitaja 1969 tutafukua ugomvi, tukitaja 1974 na ile Operesheni Vijiji, watu wataanza kuulizana nani alibomoa nyumba ya nani. Naiheshimu methali hiyo, lakini haitumiki inavyopaswa. Mganga yeyote, wa hospitali au wa miti shamba, akitaka kuganga yajayo huanza kwa kuuliza: ulianza kuumwa lini? Asiyeuliza hivyo ni tapeli. Nimewaona wanakijiji wakikataa kila mpango wa ushirika unaoletwa, na mabwana wadogo waliotoka chuoni jana wakiwaita wagumu na washamba. Hawajui kwamba watu hao wanakumbuka mali iliyochukuliwa bila maelezo. Wangejua historia ya mahali, wangeanza kwa kuzungumza badala ya kukemea.

Na hayo mahame nayo ni vitabu tunavyovikanyaga kila siku. Baada ya Novemba 1973, ilipotangazwa kwamba ifikapo 1976 kuishi vijijini ni lazima, watu wengi wa mkoa huu walihamishwa kutoka makwao. Ukipita leo penye mahame yao unaona miembe iliyopangwa kwa safu, unaona mkonge uliokuwa mpaka wa uwanja, unaona kifusi cha kichuguu ambacho zamani kilikuwa ukuta. Kuna makaburi. Mtoto anapanda mwembe, anakula embe, wala hajui ni babu gani aliyeupanda. Mwaka kesho mwembe utakatwa kwa ajili ya tanuri la matofali, na ukurasa huo utakuwa umechanwa.

Katika shule moja niliyopata kufanya kazi, ambayo sitaitaja, palikuwa na kitabu cha kumbukumbu za shule kilichoanza kuandikwa wakati wa mkoloni. Walimu wakuu waliofuatana waliandika humo mafuriko, njaa, ndui, kufika kwa baiskeli ya kwanza. Nilipopita pale miaka michache baada ya kuondoka, niliambiwa kwamba karatasi zake ziliwashia moto wa uji. Aliyeniambia alisema huku akitabasamu. Kwake yalikuwa makaratasi ya kale tu. Hakuna aliyemfundisha vinginevyo.

Basi tufanye nini? Mtu akilalamika bila kutoa njia ni sawa na debe tupu. Mimi napendekeza mambo manne, na hakuna hata moja linalohitaji mfadhili.

La kwanza, kila shule ya msingi iwe na daftari la kijiji. Daftari gumu la kaunta linatosha. Mwalimu mkuu alitunze kama anavyotunza mhuri, na akihamishwa alikabidhi kwa maandishi.

La pili, somo la Historia ya Tanzania na Maadili, lililoletwa na mtaala mpya, lianzie mlangoni. Wanafunzi wa madarasa ya juu watumwe kwa wazee na maswali matatu mepesi: Mahali hapa paliitwaje zamani, na kwa nini? Nani walikuwa wa kwanza kujenga? Ni mwaka gani mgumu kuliko yote unaoukumbuka, na mliokokaje? Waandike kama mzee alivyosema, hata kama wazee wawili watapingana. Kupingana si dhambi. Waandike majibu yote mawili na jina la aliyeyatoa.

La tatu, serikali ya kijiji iorodheshe katika muhtasari wake mahali pasipokatwa wala kuchimbwa: makaburi ya zamani, mahame, kivuko cha kale, mti wa mikutano, msingi wa shule ya kwanza. Vibao vya mbao viwekwe. Kibao kikioza, kiandikwe kingine.

La nne, tusiandike ushindi peke yake. Aliyechimba kisima aandikwe, na aliyekula fedha za kisima kumbukumbu zake ziachwe zilivyo katika muhtasari, zisichanwe. Ngoma ya lizombe iandikwe, na njaa iandikwe. Kijiji kinachoandika sifa zake tu kinaandika hotuba, na hotuba tunazo za kutosha.

Watakaocheka na wacheke. Lakini ewe mwalimu kijana unayesoma haya, usisubiri waraka kutoka wilayani. Daftari linauzwa dukani. Mzee yuko nyumbani kwake, na saa za jioni hana kazi. Mpelekee sukari kidogo, kaa chini, umwamkie kwa heshima, umuulize paliitwaje. Fanya hivyo wiki hii. Mvua zikianza kila mtu atakuwa shambani, na zikiisha huenda umpate, huenda usimpate.